Glenys na Miaka Mitano

Tarehe nne Aprili, siku moja kabla ya mwaka wa kodi kufungwa, Glenys aliwakuta wale wawili kwenye benchi lao nje ya duka la mikate la kijiji cha Pont-y-Wern. Profesa, fundi mabasi mstaafu asiyewahi kufundisha hata mtoto, alikuwa anamimina kahawa. Dai Dakika Mbili, ambaye dakika zake mbili humaliza asubuhi, alikuwa anatafuna keki ya zabibu. Gari la benki, linalofika mara moja tu kwa wiki, lilishaegeshwa ng'ambo ya barabara. Glenys alikuwa na paundi elfu kumi na nane za kuweka kwenye akiba isiyokatwa kodi, na fomu aliyokwisha kuitia alama ya miaka mitano.

— Jamani, nizifunge mwaka mmoja au mitano?

— Mitano, Bi Glenys! akasema Profesa. Riba ni ile ile mpaka mwisho, na serikali haigusi hata senti.

— Nikizitaka kabla?

— Wanakula riba ya mwaka mzima. Lakini uzitakie nini?

— Mwongo huyo! Dai akadakia. Funga mmoja, riba inapanda. Kondoo wa jirani yangu Huw wamezaa mapacha.

— Kondoo na riba wapi na wapi? Profesa akauliza.

— Mwaka juzi walizaa mapacha, ikapanda. Bisha!

— Riba inafuata baridi, bwana. Wakubwa wa benki wakitetemeka ofisini, wanapunguza kila kitu.

— Basi hujui kitu. Siku hizi wanarusha vidude angani vinahesabu mapazia. Ukitundika jipya tu, wanajua una hela!

Glenys alicheka mpaka kahawa ikammwagikia. Hata hivyo alitaka kweli kujua, maana kosa hapa lingemgharimu.

Mwanamke mwenye mbwa, aliyehamia mtaa wa chini wiki iliyopita, alikuwa amesimama akisikiliza.

— Samahani mama, hizo pesa ni za nini?

— Za mume wangu, Ivor. Ameanza kusahau. Jana nimekuta viatu vyake ndani ya oveni. Siku nikishindwa peke yangu, nimlipe mtu aje kunisaidia pale pale nyumbani. Sitaki wanichukulie wakamweke kwenye makao ya wazee.

— Pole sana. Na siku hiyo ni lini?

Dai akaacha kutafuna.

Mwezi mzima Glenys alilinganisha riba za kila benki, na hilo hakujiuliza. Alitoa kalamu, akaikata alama ya miaka mitano.

— Nitawaomba ile akiba isiyofungwa, ya kutoa pesa siku yoyote.

— Riba yake ndogo, Bi Glenys, Profesa akasema kwa upole.

— Iwe ndogo. Ivor akiamka asubuhi akaniuliza mimi ni nani, nitamwambia asubiri miaka mitano iishe?

Akavuka barabara.