Pale Tulipo Wamechora Nyani

Kijiwe cha Mama Birika kiko pale barabara inapokata kona kabla ya kuanza kupanda tena, na ukikaa kwenye benchi lake unauona mji mzima bila kugeuza shingo: duka la dawa, kinu cha kusaga nafaka, posta ambayo mlango wake hufunguliwa karani akijisikia, na karakana ya seremala ambaye watu wamesahau jina alilopewa na wazazi wake, wanamwita Msumari. Ni mji mdogo, sawa, lakini ni mji. Anayebisha aje abishie hapa hapa, kikombe mkononi, huku anamtazama Mama Birika usoni. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa inauma masikio, kahawa imeiva, na Msumari amekunja sura kwa sababu shemeji yake alikuwa njiani na lori la saruji.

Saruji ile ilikuwa inakuja kulala kwenye chumba cha wageni. Msumari alikijenga mwenyewe nyuma ya karakana, akachonga kitanda kwa mbao ngumu, akakipiga msasa mpaka mkono unateleza, akakataza hata watoto wake wasikikalie. Mgeni hakuja. Mkewe akafagia, akafagia tena, mwisho akauweka ufagio chini na kusema chumba kisicho na mtu ni stoo, na kaka yake ana duka la vifaa vya ujenzi na hana stoo. Msumari akaomba subira mpaka ofisi ya utalii itundike bango lake la miji midogo ya kupendeza ya milimani. Wakakubaliana mbele ya mashahidi: mji wao ukiwemo, chumba kinabaki cha wageni, usipokuwemo, saruji inaingia. Bango lilitundikwa jana jioni kule chini njia panda. Alfajiri shemeji akapiga simu kusema anapakia, wala hakueleza kwa nini. Msumari akamtuma Antena, fundi simu, akaangalie kwa macho yake.

Antena alishuka kwenye pikipiki bila kusalimia mtu, akakaa mwisho wa benchi.

— Mama, nipe kahawa. Usiniulize kitu mpaka nimeze.

— Meza, akasema Msumari. Umemeza. Tumo au hatumo?

— Tumo kwa namna.

— Namna gani?

— Bango ni kubwa, linaziba nyumba. Milima imechorwa, barabara imechorwa, miji yote ya huku juu ina picha zake. Ule wa ng'ambo ya bonde ndio wameupa picha kubwa kuliko yote. Pale tulipo sisi wamechora nyani.

Kijiwe kizima kikashusha vikombe. Wakili ndiye aliyeanza. Huyu ni fundi viatu. Aliwahi kutoa ushahidi mahakamani siku moja, na tangu hapo hajashuka kizimbani.

— Rudia hapo kwenye nyani.

— Nyani, Wakili. Amekaa juu ya jiwe, anakula kitu, anacheka.

— Dume au jike? akauliza Mama Birika.

— Mama, sikumwuliza.

Msumari hakucheka. Aliona magunia yakishushwa juu ya kitanda chake, vumbi la kijivu likiingia kwenye kila uchongo alioutolea jasho. Saruji ikishalala mahali haiondoki hata ukiiondoa. Alitamani mtu aseme neno la kumpa nguvu, na kijiweni neno la kumpa mtu nguvu hulikosi, tatizo ni ukweli wake.

— Hii ni kesi ya wazi, akasema Wakili. Mchoraji amelishwa. Watu wa ng'ambo wamemkalisha, wamemjaza tumbo, akashiba mpaka mkono ukamteleza. Alitaka kuchora mji, ukatoka nyani.

— Acha, mkono hauwezi kuteleza ukachora na meno, akasema Antena. Wale wana ujanja mwingine. Wanapaka rangi ukuta wa mbele tu, unaotazama huku kwetu. Nyuma ni udongo mtupu.

— Umewahi kufika? akauliza Wakili.

— Nifike nifuate nini? Nimeambiwa na mtu aliyeambiwa.

Mama Birika alikuwa anasuuza vikombe, na akisuuza vikombe huwa anafikiri.

— Mnaongea rangi, mnaacha ukungu. Kila asubuhi kwao kweupe, kwetu tunapapasa ukuta. Mmeshajiuliza ule ukungu unatoka wapi?

— Unatoka bondeni, Mama, akasema Antena.

— Unatoka kwao. Wanausukuma. Wana feni.

— Feni? Kulisukuma bonde zima?

— Feni kubwa, mwanangu. Ya kiwandani.

— Ndiyo maana umeme unakatika, akasema Antena taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa mwanga. Nilikuwa nasikia muungurumo usiku, nikadhani ni Wakili anakoroma.

— Mimi sikoromi, na hilo liandikwe.

— Mimi nawaambia shida ni nyani, akasema Msumari. Kwa nini nyani? Wangeacha kijani kitupu ningesema wamesahau. Nyani hachorwi kwa kusahau. Kuna mtu aliwapa wazo.

Hapo Antena akajikuna shingo. Ni mtu asiyeweza kukaa na habari, hata inayomchoma mwenyewe.

— Halafu kuna jambo jingine, bwana Msumari. Ile picha kubwa ya ng'ambo. Niliisogelea. Imepigwa kutoka hapa.

— Hapa wapi?

— Hapa tulipokaa. Kona ya chini, upande wa kushoto, kuna mguu wa benchi. Huu wenye kipande cha bati ulichoupigilia wewe.

— Unaona? Wakili akasimama kabisa. Sasa kesi imegeuka. Uzuri wao unaonekana kutoka wapi? Hapa. Nani anautunza? Sisi, kwa kuutazama kila siku bila malipo. Tukigeuza benchi, wale hawapendezi tena.

— Tuligeuze leo leo, akasema Mama Birika.

Lakini Msumari alikuwa ameshika neno moja, hakuliachia.

— Ngojeni. Mtu alikaa hapa na kamera, akapiga picha mpaka mguu wa benchi. Lini? Mbona mimi sikumwona?

Ghafla kila mtu akawa na kazi. Antena alitazama ndani ya kikombe. Mama Birika akafuta birika lililokuwa limeshafutwa. Wakili akaketi, na Wakili haketi hivi hivi akiwa katikati ya hoja.

— Wewe ulikuwa umekwenda kwenye mashine ya mbao, akasema mwisho. Kuchagua mbao za kitanda.

— Wakaja watu?

— Wakaja watu. Kijana na binti, wamevaa vizuri, wana adabu zao. Lakini walikuwa na utepe wa kupimia, bwana Msumari. Mtu akikushukia na utepe, ama anataka kukuvunjia, ama kukutoza kodi. Walianza na benchi hili. Wakapima urefu, wakapima upana wa barabara.

— Wakauliza nini?

— Waliuliza kwa upole tu. Wakasema, samahani wazee, hapa ni mjini?

— Mkajibu?

Wakili akakohoa.

— Nilijibu kwa niaba ya wote. Nilisema hapa si mjini. Nilisema hapa ni pori, na sisi wenyewe tumepumzika kidogo, tunaendelea na safari.

Msumari akamgeukia Mama Birika.

— Na wewe Mama, na hilo birika linatoka moshi?

— Nililifunika kitenge. Nikasema nasubiri basi.

— Antena?

— Nilifunga kibanda nikakaa ndani. Duka la dawa likafunga. Kinu kikazimwa, unga ukiwa nusu. Mji mzima haukukohoa. Kusema kweli tulipendeza, ungekuwepo ungefurahi. Wiki nzima tulikuwa tunapongezana.

— Binti akauliza kama kuna wanyama, akamalizia Wakili, sauti imeshuka. Nikasema nyani, wengi sana. Nilitaka waogope.

Msumari alisimama, akatembea hadi katikati ya barabara, akarudi. Alikuwa na hasira ya kupindua meza, ila meza yenyewe aliitengeneza yeye. Kilichomuuma zaidi ni kwamba angekuwepo siku ile, akaona utepe ule, angefunga karakana mapema kuliko wote. Alijijua. Hawa walikuwa watu wake, na upumbavu wao ulikuwa wa nyumbani.

— Mmeniua, akasema.

— Tumekuua, akakubali Wakili. Lakini nia ilikuwa njema.

— Mwenye bango anajua nia yenu? Anajua mliambizana mfiche mji mzima chini ya kitenge? Yeye amechora alichoambiwa. Sasa nisikilizeni. Sisi tuko hapa kabla ya hilo bango, na likioza na mvua tutakuwa hapa. Mimi chumba sikitoi. Nilikubali bango liamue kama ni mji mzuri, sikukubali liamue kama nipo.

Maneno hayo yaliwaingia. Mama Birika akamjazia kikombe bila kuombwa. Antena akasema hata yeye anaweza kuandika bango, rangi ipo, waliweke chini ya lile kubwa: Nyani Wanawakaribisha, Wana Kahawa na Vitanda. Wakili akataka liongezwe fundi viatu. Walikuwa bado wanagombana nani atangulie, kahawa au viatu, lori lilipotokea kwenye kona likinguruma kwa gia ndogo, likasimama mbele ya karakana.

Shemeji aliteremka akitabasamu. Ni mtu mnene, mkarimu, asiyependa ugomvi, na ndiyo maana ni vigumu kugombana naye.

— Nyani wangu, hamjambo?

Mama Birika akalifunika birika lake.

— Natania jamani. Shemeji, pole. Bango nililiona jana usiku, nikasikitika kweli. Basi tushushe, wingu lile silipendi.

— Hatushushi, shemeji.

— Shemeji, tulikubaliana. Dada yangu shahidi, na hawa wote mashahidi.

— Mimi najitoa kwenye ushahidi, akasema Wakili, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake.

— Bango linasema hapa ni pori, akasema Msumari. Haya, mwenzangu, saruji porini unamwuzia nani?

— Usinichezee akili. Mimi nakuheshimu, umemtunza dada yangu. Lakini chumba kina mtu? Kikiwa na mtu, nitageuza lori sasa hivi na nitakuomba radhi. Kina mtu?

Msumari akakaza taya. Alikuwa tayari kulala mlangoni kama ingebidi, na mkewe akimkanyaga apite, sawa. Lakini chumba hakikuwa na mtu.

Mlango wa pili wa lori ukafunguka. Akashuka mwanamke mtu mzima, amejitanda shuka la safari, begi moja, uso umechoka. Shemeji akaeleza kwamba basi la huyu dada limeharibika chini njia panda, anakwenda ng'ambo ya bonde kwenye ule mji wa picha, akamwonea huruma akampa nafasi.

— Hamjambo, akasema mgeni. Nimesikia mnazungumzia chumba.

Kijiwe kilimvamia kwa pamoja.

— Kipo, dada, kipya kabisa.

— Kitanda chake hakilii hata ukigeuka.

— Na kahawa ni hapa hapa, huvuki barabara.

— Huko ng'ambo wana feni, dada yangu. Utapeperushwa.

Mgeni akawasikiliza wote, akatua begi. Mgongo ulikuwa unamuuma, hilo lilionekana. Akamtazama Msumari, kwa kuwa ndiye pekee ambaye hakuwa amesifia kitu.

— Mimi sichagui sana. Niambieni kitu kimoja tu. Asubuhi nikifungua dirisha, nitaona nini?

— Utaona mlima, akasema Antena.

— Mlima upi?

— Mlima... ipo mingi.

— Utaona bonde, akasema Wakili. Au ukingo wa bonde. Kwa maoni yangu.

— Ukungu kwanza, akasema Mama Birika. Baada ya ukungu, kuna kitu.

— Kitu gani, Mama?

Mama Birika akawageukia wenzake. Wakatazamana. Nyuma ya chumba kile ardhi inakatika, hakuna pa kusimama wala sababu ya kupita. Dirisha lilikuwa bado na nailoni ya kuzuia vumbi la karakana, na siku Msumari alipofunga fremu alikuwa anatazama pima maji kama fremu imenyooka, si bonde. Watu wote wale walioapa asubuhi nzima kwamba mji wao haushindwi na mwingine, hakuna hata mmoja aliyewahi kuamka upande ule.

Shemeji alikuwa anangoja. Msumari akaona hapa angeweza kudanganya, na kijiwe kizima kingemuunga mkono. Lakini alikuwa amechoka na wageni kuambiwa yasiyokuwepo.

— Sijui, dada, akasema. Hakuna aliyewahi kulala humo.

Akatoa ufunguo mfukoni, akamnyooshea.

— Kalale wewe. Kesho uje hapa kwenye benchi, utuambie tuna nini.

Mgeni akauangalia ufunguo, akaupokea, akaokota begi lake. Msumari alimtangulia kuelekea karakana, akipaza sauti mkewe alete shuka safi. Nyuma yake shemeji aliomba radhi kama alivyoahidi, akapanda kwenye lori, akaanza kutafuta pa kuligeuzia, huku Wakili, Antena na Mama Birika wakimwelekeza kila mmoja upande wake.