Fundi wa Masjala Anaondoka, Sindano Inabaki

Ijumaa hii, saa tisa na nusu alasiri, karani mkuu wa masjala yetu atafunga dirisha namba mbili kwa mara ya mwisho. Amekaa nyuma yake miaka mingi kati ya thelathini na mmoja ya utumishi wake. Kiti chake kina shimo lenye umbo lake mwenyewe, na aliyejaribu kukikalia wiki iliyopita aliinuka akilalamikia kiuno.

Alianza kazi akiwa tarishi mwenye baiskeli, akipeleka wito wa mahakama kwa waume na wake waliojificha. Mume mmoja alimfungulia mlango, akamwambia kwa uso mkavu kuwa mwenye nyumba amesafiri. Mzee wetu akamwomba aandike jina na kusaini kwamba amesafiri. Akasaini. Mahakamani hatukuhitaji ushahidi mwingine.

Alipohamishiwa masjala ya talaka ndipo tulipomwita Fundi. Wengine tunafunga majalada kwa pini, yeye anashona. Karatasi ikipokelewa, anaigonga muhuri, anaipa namba kwa wino, kisha anaitoboa kwa sindano ya magunia na kuivuta kwa uzi. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza kama anapunguza na suruali. Alinitazama juu ya miwani. "Mwanangu," akasema, "wanaoachana hawaibiani sufuria tu."

Dirishani hakumfukuza mtu. Kuna mama aliyetaka talaka ya mama mkwe peke yake, mume abaki. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, akamweleza kuwa mahakama hii haina mamlaka hayo, na hata ile ya juu haina. "Wakiyapata, mama, mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni."

Lakini mtu akiniuliza Fundi ametufanyia nini, namsimulia habari ya nyumba iliyonenepa.

Mwaka juzi msusi mmoja, mama wa mapacha, alifungua shauri la talaka, akaomba fungu lake katika nyumba aliyojenga na mumewe, muuza vipuri. Aliomba pia matunzo ya watoto. Mume akajibu kwa maandishi kuwa hana kitu: biashara imelala, na hiyo nyumba ni kibanda tu, bati limetoboka, choo kimetitia, hata mbuzi hawezi kulala humo. Karatasi ikapokelewa, ikashonwa. Ukurasa wa tisa.

Miezi minne baadaye hakimu akahamishwa, akaja mwingine, na mume akabadilisha wimbo. Mahakama ya chini kama yetu inagawa mali ya ndoa yenye thamani isiyovuka kiwango fulani. Ikivuka, shauri linakwenda mahakama ya juu, na kufika huko ni siku nzima kwa basi. Basi mume akaweka pingamizi: hakimu hana mamlaka, kwa sababu nyumba ni jumba la vyumba sita, vigae hadi uani, na geti linalojifungua lenyewe. Hakuna tofali lililoongezwa, lakini nyumba ilikuwa imenenepa.

Msusi alikaa kwenye benchi letu, pacha mmoja mgongoni, mwingine mapajani. Nakala yake ya ukurasa wa tisa watoto walishaitafuna. Akaniambia taratibu kuwa kesi ikihamia huko ataiacha. Saluni angemwachia nani, na watoto je? Asubuhi hiyo na mimi nilikuwa nimemwachia jirani mtoto mwenye homa.

Siku mbili kabla ya pingamizi kusikilizwa, mume alikuja kuomba kusoma jalada. Ni haki yake, akapewa. Alisoma akiwa ameupa uso ukuta, huku akikohoa sana. Fundi aliendelea kugonga mihuri, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Bwana mkubwa, huo ni uzi wa magunia. Utaumia kidole."

Jalada lilirudi. Kidole kilikuwa kimefungwa leso. Ukurasa wa tisa ulikuwa na mikunjo, lakini ulikuwepo.

Hakimu aliusoma kwa sauti, kisha akasoma pingamizi, akamuuliza mume ni lini mbuzi walipisha vigae. Sisi wa nyuma tuliangalia viatu vyetu. Mthamini alitumwa, akakuta vyumba vitatu, bati zima, na geti la kusukuma kwa bega. Thamani haikuvuka kiwango. Shauri likabaki hapa, na leo msusi anasukia watu kwenye baraza ya nyumba ile.

Nisieleweke vibaya: angekuwa mke ndiye anayechomoa, uzi ungekuwa uleule. Fundi hana upande. Mwaka jana, mtoto wangu akiota meno, nilipokea ombi la talaka bila hati ya baraza la usuluhishi, kosa la kuangusha kesi nzima. Alilirudisha mezani kwangu, akasema, "Pole, mwanangu." Halafu akasema, "Hili hulipokei."

Sasa kuhusu kuachana kwetu. Tulimwomba abaki, usuluhishi ukashindikana, na mkewe akatoa ushahidi upande wake. Mali igawanywe hivi: kiti na shimo lake, achukue. Kikombe chenye ufa, achukue. Sindano inabaki. Mamlaka ya kuamua tunayo, maana thamani yake haifiki popote. Asiporidhika akate rufaa dirisha namba mbili. Nitakuwa nimekaa mimi, na nitamuuliza maswali yote aliyozoea kuwauliza watu hapo.

Asante, Mzee wetu. Upate usingizi wa mchana, afya, na wajukuu wasiotafuna karatasi. Jumatatu nilishona jalada langu la kwanza peke yangu. Ulisema mshono umepinda. Kisha ukajaribu kuchomoa ukurasa, ukashindwa. Basi nenda kwa amani, dirisha liko salama.