Mtandao wa Saa Nne

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali moja, na limeegemea ukuta wa zahanati, chini ya dirisha la chumba cha kusubiria. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa sita huwakuti pale ila wenyewe: Mzee Faili, karani mstaafu wa masjala, Wembe, kinyozi ambaye wateja humfuata hadi benchini wakiwa na kitambaa shingoni, Bi Birika, mwenye kahawa na mwenye neno la mwisho, na Risasi, fundi simu, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya risasi ya kuchomelea, maana ile ya bunduki hata ukimwonyesha picha yake anahama mtaa. Siku hiyo Risasi alifika amenyoa ndevu, wakajua kuna jambo. Akapitisha mkono kwenye nondo za dirisha kama kawaida yake, akapapasa, akachomoa plagi nyeupe ambayo hakuna aliyewahi kujali ni ya nini, akachomeka chaja yake. Simu ilikuwa na asilimia mbili.

— Leo ndiyo leo, alisema. Saa sita ikigonga sijalipa, nafungiwa mtihani. Miezi mitatu ya masomo ya ufundi wa mtandao inakwenda na maji.

— Si ulituambia masomo ni bure? aliuliza Mzee Faili.

— Masomo ni bure, mzee wangu. Kinachouzwa ni cheti.

— Kwa bei gani?

— Bei ya ile mashine yangu ya hewa moto.

Kahawa ikasita kwenye mdomo wa birika. Mashine ile ya kung'olea vipuri, aliyokuwa bado anaiwekea akiba, kila mtu aliijua, kwa jinsi Risasi alivyoizungumzia kama mtu anayezungumzia mchumba wa mbali. Lakini pia kila mtu alikuwa amelisoma tangazo kwenye mlango wa zahanati: anatafutwa mtaalamu wa mtandao, mwenye cheti, kazi ya kudumu. Mtandao wa zahanati ulikuwa na tabia ya kukatika kila asubuhi na kurudi mchana, na haukuwahi kumwambia mtu ulikokwenda. Kazi ya kudumu. Risasi alikuwa ameyarudia maneno hayo usiku kucha, kwa sababu mkewe alikuwa amemwambia wazi kwamba amechoka kukuta bisibisi kwenye sufuria ya wali.

— Lipa, alisema Wembe. Mimi cheti changu cha akili bandia kinaning'inia kwenye kibanda changu cha kunyolea, wewe shahidi.

— Akili bandia uliisoma lini, na hiyo ya kuzaliwa hujaimaliza? aliuliza Bi Birika.

— Video inacheza, mimi nanyoa. Maswali wateja walikuwa wanajibu kwa kunyoosha mikono. Swali la mwisho alilijibu bwana mmoja niliyekuwa nimemnyoa upande mmoja. Nilimwambia upande wa pili haupati mpaka tufaulu.

— Na kimekusaidia nini?

— Tangu nikitundike, hakuna anayelalamika. Nikimharibu mtu kichwa, anatazama ukutani, anajua hiyo ni teknolojia.

Mzee Faili alikohoa kikohozi cha ofisini.

— Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa huyu anataka cha mtandaoni. Atainama wapi?

— Mzee, hiyo methali umeipeleka siko.

— Methali haina nauli, inakwenda popote. Nasema hivi: cheti ni mhuri. Miaka thelathini na mmoja masjala, vyeti nilivisoma kwa kidole gumba. Kidole kisiposikia kitu, hicho si cheti, ni salamu za sikukuu.

Akatoa mfukoni mhuri wa mbao aliostaafu nao bila ofisi kujua. Uliandikwa IMEPOKELEWA.

— Kikija, nitakigongea mwenyewe.

— Kitakuja ndani ya simu, mzee.

— Basi nitagonga kioo.

Risasi alicheka, ila kidole chake kilikuwa kinaelea juu ya neno Lipa kama nzi juu ya uji wa moto. Simu, kwa uzee wa betri yake, ilikuwa imefika asilimia sita tu. Saa tano na nusu.

— Mimi masomo haya nayajua kuliko yeye, alisema Bi Birika, na hakuwa anatania sana. Risasi alikuwa amezitengeneza spika zake za masikioni mwenyewe, zikafa palepale, kwa hiyo miezi mitatu yote mwalimu wa video alikuwa akilifundisha benchi zima. Bi Birika akamimina kahawa huku akiiga sauti ya mwalimu: kanuni ya kwanza, kabla ya kulaumu mtandao, hakikisha umeme unafika.

— Hiyo nimeitumia nyumbani, alisema Wembe. Mke wangu alinuna siku nne. Nikahakikisha, umeme unafika. Bado amenuna.

— Tusitoke kwenye mada, jamani, aliomba Risasi. Nilipe au nisilipe?

— Lipa. Waya zinasoma, alisema Wembe, akishusha sauti. Fundi asiye na cheti akiukaribia waya, waya unalegea makusudi. Mwenye cheti akipita tu, unajinyoosha kama mwanafunzi aliyemwona mwalimu mkuu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mgeni ni nani hapo?

— Umeme.

— Ninyi hamjui kitu, alisema Bi Birika. Haya maswali ya mitihani ni ya kompyuta zenyewe. Zinatuuliza sisi, zinanakili majibu, zinafaulu. Mwisho zitakuwa na vyeti vyote. Zitakuja kukaa kwenye benchi hili, zinywe kahawa, zibishane kuhusu binadamu. Na sisi tutawekwa ndani ya sanduku, tunapepewa kwa feni ndogo.

— Hilo la feni silikatai, alisema Mzee Faili.

Mlango wa zahanati ukafunguka. Akatoka mama mmoja mwenye sare nyeupe na daftari kubwa kwapani, uso mgeni kwao wote.

— Hamjambo. Mimi ni msimamizi mpya humu ndani, ndiyo kwanza wiki yangu ya kwanza. Tangu saa nne mtandao hakuna, naandika wagonjwa kwa mkono, vidole vimekufa. Nimetoka kupunga hewa.

Bi Birika akampa kikombe kabla hajaomba. Wakamsogezea nafasi upande wa tofali, upande wa heshima. Alikunywa funda moja, akainua macho dirishani, akaangalia chaja ya Risasi, kisha kilichoning'inia pembeni yake.

— Samahani, alisema kwa upole. Hii plagi nyeupe mliyoichomoa, ni ya nini?

Wembe akamkagua mteja aliyekuwa hayupo. Mzee Faili akausoma mhuri wake upya, labda umebadilika. Bi Birika akakipangusa kikombe kilichokuwa safi.

Risasi alisimama. Macho yake yaliufuata waya mweupe: ukapanda ukuta kwa ndani, ukapita nyuma ya picha ya kufundisha watoto kupiga mswaki, ukaishia kwenye kisanduku kidogo chenye pembe mbili na taa zilizozimika. Kanuni ya kwanza ilimpita kichwani kwa sauti ya Bi Birika. Alichomoa chaja yake. Akarudisha plagi. Taa moja, mbili, tatu. Ndani mtu akasema, umerudi, na wagonjwa wakapiga makofi, hata aliyeshonwa kiganja.

Mama wa sare alitua kikombe.

— Wewe ndiye umeuponya? Tatizo lilikuwa nini?

Pale palikuwa na majibu mengi mazuri. Wembe alikuwa akimkonyeza ayatumie.

— Mimi, alisema Risasi. Tatizo ni mimi. Kila siku, saa nne mpaka saa sita. Nilikuwa nasomea namna ya kuja kuutengeneza.

Mabega ya mama yakaanza kutikisika kwa kicheko, akalazimika kushika ukuta.

— Nimesoma jalada lote, alisema alipopata pumzi. Wamekuja wataalamu watatu, wote mchana, wote na vyeti. Wa pili aliandika kwamba tatizo ni wa kwanza. Wa tatu akaandika ni wa pili. Wewe ndiye wa kwanza kujitaja. Njoo kesho saa nne, na upite mlangoni. Wiki moja ya majaribio. Mtandao usipokatika, neno cheti nitalifuta kwenye tangazo kwa kalamu yangu.

— Hautakatika, alisema Wembe. Mkataji atakuwa ndani.

Mama alipokwisha kuingia ndani, Risasi aliitazama simu. Neno Lipa lilikuwa bado pale, kisha chaji ikaisha, kioo chote kikawa cheusi. Saa sita kasoro dakika mbili.

— Sasa, kile cheti kina thamani au hakina? aliuliza Wembe.

Bi Birika aliinamisha birika. Likatoka tone moja.

Mzee Faili akaukamata mkono wa Risasi, akaupulizia mhuri pumzi, akamgongea kiganjani kwa nguvu zote za masjala. Wino ulikuwa umekauka tangu alipostaafu, kwa hiyo hapakuonekana kitu. Risasi akapitisha kidole gumba, akazisikia herufi.