Mwalimu Milembe na Jumamosi za Ngitili

Ndugu waombolezaji, mniwie radhi, nimewasomea "marehemu Elia Luhaga", na Elia Luhaga ndiye mimi niliyesimama hapa, mdogo wake, niliyeandika jina langu mahali pa jina la dada. Mnaocheka chekeni tu, mwenyewe angewazidi.

Marehemu Mwalimu Milembe Luhaga alizaliwa tarehe 14 Juni 1946 kijijini Kimali, akaanza shule hapo hapo, akaendelea Maswa, akahitimu ualimu mwaka 1964, akafundisha Mwandoya, na kuanzia Januari 1974 hapa Bariadi. Tarehe 8 Oktoba 1966 alifunga ndoa na shemeji yangu Machibya, wakajaliwa watoto wanne, Shija, Sayi, Felisita na Januarius.

Mwaka 1992, biashara zilipokuwa huria, mimi niliyezurura na malori hadi Lusaka nilirudi na video na jenereta, nikafungua kibanda, watoto wakajaa. Jumamosi moja dada alisimama mlangoni akasema, "Elia, hawa wanawajua wapiga karate wote wa Hongkong, mti ulio nyuma ya nyumba yao hawaujui jina," akawachukua, na wazazi waliokuja kulalamika akawachukua pia, akawapeleka kwenye ngitili ya mumewe, yale malisho yasiyoingizwa ng'ombe wakati wa mvua ili wapate majani kiangazi. Huko walichuma furu na ukwaju, wakasoma nyayo za digidigi, wakarudi wamechanika nguo na wanaimba. Nami niliwafuata kudai wateja wangu, nikapotea humo, nikatolewa na binti wa darasa la pili aliyenishika mkono akisema, "Babu, fuata njia ya ng'ombe," na miaka yangu wakati ule ni thelathini na tisa. Tangu hapo kila Jumamosi ilikuwa hivyo, familia nzima nzima.

Moyo ulianza kumsumbua dada Machi 1996. Nilipokwenda kumwona, mdomo wangu huu ukamwambia kwamba wanunuzi binafsi wanagombea pamba, je, ile ngitili ikifyekwa ingetoa marobota mangapi. Akageukia ukutani, na hadi alipofariki Ijumaa tarehe 12 Septemba 1997, saa tisa alasiri, alikuwa akimuuliza kila aliyeingia kama ngitili itafyekwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta maji na kuni, na walimu wenzake. Dada, pumzika kwa amani yako yote. Jana, mbele ya ukoo, nilimuuliza shemeji kama sasa tutalima pamba kwenye ile ngitili, akanitazama, akasema:

"Hailimwi. Jumamosi lete wanao."