Vigelegele vya Chapwa

Lori la Mbeya lilipotoka Tunduma, Nesta alikuwa juu ya gunia la mahindi, akitazamana na mwanamume aliyesoma gazeti kwa sauti, maana wengine kusoma kimyakimya wanaona ni hasara.

"Wanawake wa Chapwa walipiga vigelegele Wazungu walipopima barabara mpya," akasoma. "Hayo nimeandika mimi, Mwalimu Kasiani." Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Kupiga tulipiga, mwalimu," Nesta akasema taratibu. "Marita alikuwa amejifungua mapacha nyumba ya pili."

Kasiani akakohoa. "Mimi nilisikia vigelegele, nikaona vigingi."

"Ukatuuliza?"

"Nilikuwa na haraka, mama."

"Basi kaka yangu alikwenda bomani kulalamika kwamba vigingi vimepita katikati ya nyumba yake. Karani akamwonyesha gazeti hilohilo, akamwambia mlishangilia wenyewe. Jumatatu wanakuja kuibomoa. Andika tena, useme ukweli."

"Niseme nilikosea? Mhariri hatapokea tena habari zangu."

"Na kaka yangu akalale wapi, gazetini?"

Watu wakacheka. Kasiani hakucheka. Akatoa penseli, akailamba ncha kama wafanyavyo wasomi, akauliza, "Hao mapacha wanaitwa nani?"

"Lwitiko na Ruti."

Lori likasimama Vwawa, karibu na posta. Kwenye karatasi ya Kasiani kulikuwa na majina mawili ya watoto, na chini yake hakuna neno. Nesta akasogeza miguu ili mwalimu apate njia ya kushuka.