Mtoto Tuliyempa Jina la Mzee

Mama zangu, wakubwa shikamooni. Mniruhusu nisimame nimeshika kiti. Mama mkwe wangu amekaa pale nyuma. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuja kwenye kikao hiki chetu cha akina mama, akaniambia sema yote, usifiche hata la kwangu.

Desturi yetu mnaijua, mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu mzaa baba. Wangu alizaliwa baba mkwe akiwa ametoka tu kuzikwa pale mgombani, basi nyumba nzima ikasema mzee amerudi. Baba mkwe alikuwa mkali. Watu walisimulia ukali wake huku wanacheka, jinsi alivyorusha bakuli la supu ya mtori hadi uani kwa sababu umepoa. Na mimi nilicheka nao.

Mwanangu alipoanza kutembea akaanza na kuuma. Anauma, anapiga, anajigonga kichwa sakafuni mpaka paji linavimba. Maneno hana. Mtoto wa jirani, rika lake, anaomba ndizi kwa Kichaga na kwa Kiswahili, wangu ni kupiga kelele tu. Akimrushia mtu kikombe, mawifi wanapiga makofi, "Muoneni Mzee, hajabadilika." Mama mkwe anamfuta machozi, "Pole Baba, nani kakuudhi?" Nikimkataza naambiwa namgombeza mwenye nyumba. Mume wangu anaendesha lori la mahindi, leo Himo, kesho Holili mpakani, akirudi amechoka ananiambia ataacha akikua.

Ndugu zangu, nawaambia na mnihukumu mkitaka: nilifika mahali nikawa simpendi mwanangu. Nikisikia anaamka nachukua mundu natoka. Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe taratibu makusudi, ili nichelewe kurudi nyumbani.

Kisha nikajifungua binti. Siku moja nimemlaza, nimetoka kidogo kwenda zizini, nikasikia kilio ambacho sijawahi kukisikia. Kuingia ndani, kaka yake amemng'ata shavuni na haachii. Nilimpiga. Nilimpiga mpaka mkono ukachoka, nikachukua kamba ya ndama nikamfunga kwenye nguzo ya zizi, nikakaa chini na mtoto mchanga anayetoka damu, nikalia. Mama mkwe akaja, akatuangalia, akafungua ile kamba. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Kwenye zahanati, nesi aliyesafisha lile shavu akaniuliza nani kafanya hivi. Nilitaka kusema mbwa. Nikasema kaka yake. Hakushtuka. Alisema Moshi mjini, hospitalini, yupo mtaalamu wa watoto wenye shida za namna hii, tumpeleke na tusikawie. Tulipowaeleza nyumbani, wifi mmoja akadakia kwamba tunampeleka kwa vichaa. Mama mkwe akavaa viatu vyake vya kanisani, akasema, "Tunashuka mjini wote."

Mtaalamu alikuwa dada mdogo kuliko mimi. Alipima masikio, yakawa mazima. Akakaa sakafuni na mtoto, akawa anaangalia tu. Mtoto akataka kigari kilichokuwa juu ya meza, akashindwa kukiomba, akamuuma bibi yake mkono. Na mama mkwe, kwa mazoea, akacheka. "Huyu ni mume wangu mtupu."

Yule dada akamuuliza kwa upole, "Bibi, kwani mume wako alikuwa anafanya hivi?"

Mama mkwe aliuangalia ule mkono ulioumwa.

"Alifanya zaidi," akasema. "Watoto wangu walizoea kucheka ili wasilie. Mume wangu nimemzika, mwanangu. Simtaki arudi."

Sikujua. Miaka yote naishi kwenye kihamba kile, shamba la ukoo wao, sikujua.

Yule dada akatuambia mtoto hana mzimu wala hana kichaa. Amechelewa kusema, anauma ili aeleweke, na sisi leo tunamchekea, kesho tunampiga, kwa hiyo hajui ashike lipi. Akatufundisha. Akiuma, asichekwe wala asipigwe, ashikwe mikono, aambiwe hapana, atolewe pale. Akitaka kitu, tukitaje, tumsubiri naye ajaribu. Na nyumba nzima ifanye namna moja.

Hapo ndipo niliogopa, maana mimi ni mke wa mtu tu pale, nitawaambia nini mawifi? Aliyesema ni mama mkwe. Aliwaita wanawe wote, akawaambia, "Kuanzia leo, anayecheka mtoto akiuma, ajue ananicheka mimi."

Sisemi tumemaliza. Kliniki bado tunashuka, na kujigonga bado anajigonga. Binti yangu ana alama shavuni, na siku moja ataniuliza. Lakini wiki iliyopita kaka yake alinivuta gauni mpaka kwenye ndoo. Akafungua mdomo, nami nikafumba macho nikingoja kuumwa. Akasema, "Maji."

Namshukuru nesi ambaye hakunishangaa. Namshukuru yule dada. Na wewe mama, hapo ulipokaa, asante.

Wenzangu, mtoto akiwashinda, msimtafutie marehemu wa kufanana naye. Mpelekeni kwa anayejua, kabla hamjashika kamba kama mimi. Nyumbani kwetu siku hizi haitwi Mzee. Bibi yake anamwita mjukuu wangu, na akiitwa hivyo anageuka.