Dalia za Roy na Pete ya Waamuzi

Kijiwe cha Clegby kina benchi lake mbele ya benki iliyofungwa, na wenyewe hawalihami hata mvua ikinyesha ya mawe. Siku moja tu kwa mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Agosti, kijiwe kizima hupanda basi la kukodi na chupa yake ya kahawa kwenda Maonyesho Makuu ya Maua ya Harbeck. Huko hulipa kiingilio cha kumtoa mtu machozi, hupita mbele ya maua maelfu bila kugeuza shingo, kisha hutafuta benchi jingine la kukalia. Mwaka huu walilipata mbele ya hema la mashindano, lina kibao cha shaba: Kwa kumbukumbu ya Bi. Agnes Tolley, aliyependa mahali patulivu. Kushoto kwa Bi. Agnes kipaza sauti kilikuwa kikimtangaza mbwa aliyepotea. Kulia bendi ya matarumbeta ilikuwa ikijaribu kumfufua Bi. Agnes mwenyewe. Na katikati walipita watu wa nusu ya Uingereza ya kaskazini, kila mmoja amekumbatia mche kama mtoto aliyemwokoa kwenye moto, kila mmoja akimwomba radhi mwenzake baada ya kumkanyaga.

Roy Entwistle aliketi katikati ya benchi, mikono ameibana magotini, macho ameyapeleka popote isipokuwa mlango wa hema. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa mabomba ya gesi, na kijiweni hadi leo wanamwita Fundi. Humo hemani mlikuwa na dalia zake tatu nyekundu kwenye chombo kimoja, daraja la maua madogo. Waamuzi walikwishapita alfajiri na kuacha kadi zao mezani. Hema lilifunguliwa saa nne asubuhi. Sasa ilikuwa inakaribia saa kumi jioni, na kengele ya saa kumi ikilia, maua yote huondolewa na meza hukunjwa. Roy alikuwa hajaenda kuangalia.

Sababu anaijua mwenyewe, na mkewe Jean anaijua zaidi. Miaka yote ya kushindana Roy hajawahi kurudi nyumbani na kadi. Majira ya kuchipua Jean aliweka masharti mezani pamoja na chai: "Mwaka huu ukipata kadi, kadi yoyote, kitalu ni chako mpaka uzikwe. Usipopata, Jumatatu inayofuata nang'oa dalia, naweka banda langu la vioo la nyanya." Na Jean si mtu wa kutisha watu bure. Banda amekwisha kulichagua.

— Yule mpinzani wako Cyril amewaloga waamuzi, alisema Glenys, akimimina kahawa. Kijiweni anaitwa Redio, kwa sababu kitufe chake cha kuzimia hakijapatikana. — Mimi nimemwona asubuhi. Anatembea kama mtu mwenye kadi nyekundu ya mshindi wa kwanza mfukoni.

— Cyril anatembea hivyo kwa sababu ya nyonga, Roy alisema.

— Nyonga gani, Fundi! Nyonga haimfanyi mtu atabasamu. Mwamuzi mkuu na Cyril wameoa ndugu.

— Mwamuzi mkuu ni mwanamke, Glenys.

— Basi ndiyo mbaya zaidi!

Ken, aliyeketi upande wa pili, alikohoa. Ken anaitwa Profesa. Cheo hicho alikipata kwa miaka mingi ya kuendesha basi la chuo kikuu, na tangu hapo hajawahi kusema neno bila kwanza kukohoa.

— Mnahangaika na Cyril bure, alisema. Tatizo ni pete.

Roy alipuliza kahawa yake. Pete ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi tangu Jumatano. Katika daraja la maua madogo mwamuzi huja na pete yake, huipitisha juu ya kila ua, na ua likigoma kupita hutolewa mashindanoni, hata kama ni zuri la kumliza askofu. Na lile ua lake la katikati, tangu Jumatano, lilikuwa limeanza kujisikia na kufura.

— Pete imefanya nini? aliuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali hata kidogo.

— Pete ni chuma. Chuma kikipata baridi kinasinyaa. Sasa wanapima saa ngapi? Alfajiri! Kuna nini alfajiri? Baridi! Umeelewa? Fundi unaingia na ua dogo la halali, unatoka nalo limekuwa kubwa.

— Ken, mimi nimefunga mabomba maisha yangu yote. Chuma hakisinyai hivyo.

— Chako. Cha waamuzi je?

— Profesa ana hoja, alisema Glenys, ambaye mwaka jana alimwambia Profesa huyohuyo kwamba kichwa chake kingefaa kupandia vitunguu. — Lakini hujafika mbali. Kwa nini pete isinyae kwa Fundi isisinyae kwa Cyril?

— Cyril anaipasha moto.

— Anaipashaje?

— Anawapelekea waamuzi chai. Mwamuzi anashika kikombe, mkono unapata joto, mkono unashika pete. Sayansi ndogo tu hiyo.

Roy alikunywa kahawa yake na kuwaacha waendelee. Ukweli ni kwamba maneno yale yalikuwa yakimpoza. Kushindwa kwa hila za Cyril kulikuwa na heshima yake, mtu angeweza kurudi nako nyumbani kichwa juu. Kushindwa kwa sababu ua lako ni baya, hilo halina pa kulishikia. Na alimradi hajainuka kutoka benchi lile, alikuwa bado hajashindwa na lolote.

Mbele yao bwana mmoja alijaribu kupitisha mti wa tufaha mzimamzima katikati ya mabibi wawili na kigari cha mtoto. Wote wanne, akiwamo mtoto, walisema samahani.

— Tuseme basi si pete, alisema Glenys. Tuseme ni wale wadudu.

— Wadudu wepi?

— Wale wenye koleo mkiani, wanaokula dalia usiku. Wewe Fundi unawategea vyungu vya majani makavu juu ya vijiti, sivyo? Unawanasa, unakwenda kuwamwaga mbali. Cyril je, umewahi kumwona akimwaga?

— Hapana.

— Hamwagi! Anawafuga. Anawafundisha. Asubuhi anaingia nao hemani mfukoni, anapita mezani taratibu na hiyo nyonga yake, anawashusha mmojammoja kwa washindani.

— Na wakimaliza kula wanarudi mfukoni wenyewe? Roy aliuliza.

— Wakale wapi kwingine? Wamelelewa vizuri.

Ken alikohoa mara mbili, ishara kwamba sasa elimu ya juu inafunguliwa.

— Mimi niwaambie jambo moja, lakini lisitoke hapa. Waamuzi si watatu.

— Watatu, Ken. Tumewaona kwenye lango.

— Mmeona kofia tatu.

— Tumeona watu watatu wanatembea pamoja!

— Ndiyo hapo sasa. Jiulize, kwa nini watembee pamoja, kama hawana haja ya kutuaminisha kwamba wako watatu?

Hata Glenys alianza kuhesabu kofia kwa vidole. Hapo ndipo Jean alipotokea kwenye umati, viatu mkononi, kofia upande, uso wa mtu aliyezungushwa mabanda ya vioo yote ya Harbeck na kuketishwa ndani ya kila moja.

— Haya, alisema. Tumepata nini?

— Mama, kaa kwanza, Glenys alimwambia. Mumeo amefanyiwa mambo. Huyu Cyril —

— Pete, shemeji, Ken aliingilia, tena baridi —

— Sijamuuliza mtu habari za Cyril, alisema Jean. Kadi imeandikwa nini?

Glenys alimtazama Ken. Ken alimtazama Roy. Roy alikitazama kibao cha Bi. Agnes kana kwamba hajui kusoma.

— Nani kati yenu ameingia humo hemani?

Matarumbeta yalipumzika. Mbwa alikuwa amepatikana. Palikuwa kimya kiasi kwamba Bi. Agnes, popote alipo, lazima alifurahi.

— Tangu saa nne, alisema Jean polepole, watu wazima watatu...

Kengele ikalia.

Roy aliinuka. Hakukumbuka kuamua, magoti ndiyo yaliyoamua. Kila mtu alikuwa akitoka hemani na yeye akiingia, maua yakimpiga usoni, kila aliyempiga akimwomba radhi, naye akiomba radhi kwa kupigwa. Wahudumu walikwishaanza kukunja meza za mwisho. Kadi nyekundu ilikuwa kwa Cyril. Ya buluu kwa mtu wa Skipton. Ya njano kwa mtu asiyemjua. Mbele ya dalia zake tatu palikuwa na kadi nyeupe.

Alirudi na chombo kifuani na kadi ameibana kwa meno, maana mikono ilikuwa imejaa. Jean aliichomoa akaisoma kwa sauti.

— "Nje ya masharti. Ua la katikati limezidi pete. Halikushindanishwa." Halafu hapa chini kuna maandishi ya penseli. "Inasikitisha."

Kwa mwamuzi wa Harbeck, hilo ni sawa na kulia hadharani.

— Pete! Ken alipiga goti lake. Nilisema nini mimi?

— Nyamaza, Profesa. Kadi! alisema Glenys. Jean, ulisema mwenyewe kadi yoyote. Hii ni kadi, ina pembe nne, imetoka kwa waamuzi. Sheria ni sheria!

— Kadi ya kufukuzwa si kadi, alisema Ken, ambaye hawezi kukubaliana na mtu hata mtu huyo anapomtetea rafiki yao.

— Ni nini basi, mkate?

Roy hakuwasikia. Alikuwa akimtazama mkewe, naye mkewe alikuwa akilitazama lile ua la katikati, jekundu, zito, limefura kama mtu aliyeshiba karamu ya harusi ya watu wengine. Jean aliweka kiganja juu yake, polepole, akapima. Lilizidi kiganja. Aliguna kama mtu anayesifu, na mguno ule Roy, katika miaka yote ya ndoa, alikuwa hajawahi kuusikia ukielekezwa kwa kitu alichokiotesha yeye.

— Limezidi kiasi gani? aliuliza.

Roy alimwonyesha kwa vidole viwili, upana wa ukucha.

Jean alivaa viatu vyake, kimoja kimoja, akimshika Roy bega ili asianguke.

— Mwakani, alisema, punguza mbolea.